Okoth wa Oostende

Kwa Wajaluo, mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth, na wa kike Akoth. Koth ni mvua. Hapa Kisumu jina hilo halihitaji kuelezwa. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya milima ya Nandi, upepo hugeuka, wachuuzi wa Kibuye hufunika mitumba kwa turubai, na kabla ya magharibi mji wote umelowa. Ndiyo maana tuna akina Okoth wengi. Ninayetaka kumsimulia ni mmoja wao. Kwa miaka mingi nilisikia jina lake likitamkwa na watu nisiowaona, kwa lugha nisiyoijua, kupitia redio zisizo zangu.

Mimi ni fundi wa redio. Kibanda changu cha kwanza kilikuwa karibu na soko la Kibuye, kando ya barabara kuu, mahali ambapo siku ya soko huwezi kupitisha hata mkokoteni. Siku hizi naletewa zaidi chaja za simu na spika, lakini miaka ya tisini kazi yenyewe ilikuwa redio: Sanyo, Philips, National, zenye vumbi na mayai ya mende ndani. Redio ikishapona lazima ijaribiwe bendi zote, na masafa mafupi hayajaribiki vizuri mchana. Kwa hiyo redio za watu zililala kwangu Kaloleni, juu ya meza ya kulia chakula, antena imefungwa waya wa shaba uliopita dirishani na kupanda hadi kwenye mwembe. Usiku wa Jumamosi, mke wangu akishalala, nilizungusha kitufe polepole, nikawapita Warusi, nikaipita Deutsche Welle, mpaka nikawakuta Waflemi wa Ubelgiji wakitangaza mpira wao.

Sikuelewa neno hata moja. Nilichokuwa nikingoja ni jina tu. Majuma ya kwanza nilingoja "Okoth" na sikulisikia, nikadhani kijana wetu amewekwa benchi. Kisha usiku mmoja ikanijia kwamba kuna jina lingine linalorudiwa, lenye mlio wa nyumbani: Origi. Sisi tulimjua kama Mike Okoth. Wao walichukua jina la ukoo, wakamwita Mike Origi. Tangu hapo nikawa na daftari la Kasuku nililolichora mistari mitatu: tarehe, timu, na nimelisikia jina mara ngapi.

Ukoo huo haukuwa mgeni masikioni mwetu. Mwaka 1987 ndugu yake, Austin Oduor, alikuwa nahodha wa Gor Mahia iliyochukua Kombe la Washindi barani Afrika. Tuliliita Kombe la Mandela, na mwenyewe Mandela alikuwa bado gerezani. Asiyekuwa hai siku zile ni vigumu kumwelewesha. Gor iliundwa 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa ambaye habari zake bibi zetu walizisimulia kwa kunong'ona. Makao yake yako Nairobi, ila moyo wake uko huku ziwani. Mwaka 1979 ilikuwa imefika fainali ya kombe hilohilo, Canon ya Yaoundé ikatufunga 2 kwa 0 na kisha 6 kwa 0, aibu tuliyoibeba miaka minane. Sasa dhidi ya Espérance ya Tunis tukatoka sare 2 kwa 2 kwao, na 1 kwa 1 Nairobi, tukashinda kwa mabao ya ugenini. Sina haja ya kusifu. Tangu siku hiyo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta nyumbani kombe la bara.

Siku ya marudiano niliweka redio nne mlangoni pa kibanda, zote kwenye kituo kimoja, na barabara ikafungika kwa watu. Oduor alipopokea kombe, mzee mmoja mvuvi kutoka Dunga alivua kofia yake akaiweka kifuani. Nakumbuka hilo kuliko kelele.

Lakini hata mabingwa wale hawakuwa na kile ambacho leo tunakiita uchezaji wa kulipwa. Tulikuwa na mfanyakazi anayecheza. Timu nyingi kubwa zilikuwa za mashirika na viwanda: Posta, Reli, Bandari, Breweries. Kijana hodari wa Kisumu akionekana, zawadi yake ilikuwa kazi. Aliandikwa karani au mtunza ghala, asubuhi anapiga mihuri, alasiri anakwenda mazoezini, mwisho wa mwezi anapata mshahara uleule wa karani. Akiumia goti anabaki na dawati lake, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Wazazi walilipenda. Baba akiulizwa mwanawe anafanya nini hakusema anacheza mpira, alisema yuko Posta. Nimeishi na wanaume wa namna hiyo hapa Kaloleni na Makasembo, watu ambao Jumamosi walishangiliwa na maelfu na Jumatatu walisimama foleni ya matatu kama mimi. Sikuwahi kuwasikia wakilalamika. Hawakujua kwamba kuna namna nyingine.

Mike Okoth alizaliwa Novemba 1967 na akakulia ndani ya utaratibu huo. Alikuwa mshambuliaji, mrefu, mwenye hatua ndefu. Alichezea Shabana ya Kisii, timu ambayo ikicheza nyumbani kwenye uwanja wa Gusii ilikuwa haifungiki kirahisi, kisha akaenda Nairobi kwa Kenya Breweries, hii tunayoiita Tusker leo. Mtu akifika Breweries alikuwa amefika. Aliitwa timu ya taifa, akawa miongoni mwa waliokwenda Senegal kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1992. Tulifungwa na Nigeria 2 kwa 1, tukafungwa na wenyeji 3 kwa 0, tukarudi.

Mwaka huohuo akaondoka kwenda Ubelgiji.

Kabla yake njia ya wachezaji wetu ilikuwa ya Ghuba. Tangu mapema miaka ya themanini vijana wa Kenya walikwenda Oman, wakarudi na redio nzuri (nilizitengeneza kadhaa) na kanzu nyeupe za kuwapa wajomba. Ulaya ilikuwa jambo lingine. Waingereza waliotutawala hawakutuachia mlango wa mpira. Sheria zao za vibali vya kazi zilimtaka mgeni awe mchezaji wa kudumu wa taifa lenye nafasi ya juu duniani, na Kenya haikuwa taifa hilo. Ilichukua mpaka 2013 ndipo Victor Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wabelgiji walikuwa na historia tofauti, na historia hiyo ilianzia Kongo. Kabla hata ya uhuru wa Kongo, Paul Bonga Bonga alikuwa akicheza Standard ya Liège. Baadaye Julien Kialunda akavaa jezi ya Anderlecht. Klabu za Ubelgiji hazikuwa na fedha za Waitaliano, kwa hiyo zilijifunza kununua Waafrika wakiwa vijana na bei yao ikiwa ndogo. Wanaijeria wakaupanua mlango huo: Stephen Keshi Anderlecht, Daniel Amokachi Club Brugge. Mtu wa kwetu akapita humo.

Niliposoma gazetini kwamba amekwenda KV Oostende, nilikwenda maktaba ya hapa Kisumu nikaomba ramani ya Ulaya. Nikaupata mji wenyewe ukingoni kabisa, kwenye Bahari ya Kaskazini. Mji wa bandari. Wakati ule meli zilivuka kutoka pale kwenda Uingereza, kama zetu zilivyovuka kwenda Mwanza na Port Bell. Nilifurahi kwa sababu ambayo nilishindwa kumweleza mkutubi: mtoto wa mvua amekwenda mahali penye maji na meli, hatapotea.

Oostende ilikuwa daraja la pili. Msimu wa 1993 ikapanda ligi kuu. Hapo ndipo daftari langu lilipoanza kujaa, kwa sababu redio ya Waflemi ilitangaza zaidi mechi za wakubwa. Mara nne. Mara saba. Siku nyingine mara kumi na moja, na mtangazaji amepandisha sauti mwishoni, nami nikajua pasipo kuelewa kwamba limeingia. Siku nyingine sifuri. Na siku nyingine sikuandika tarakimu, niliandika neno "mvua". Masafa mafupi hayavumilii radi. Wingu likisimama juu ya Kisumu, kila mmweko unaingia redioni kama mtu anayekaanga omena kwenye mafuta moto, na sauti ya mbali inazama. Nilikaa gizani nikijua kwamba huko anacheza, na mvua iliyompa jina ndiyo inayonizuia kumsikia.

Msimu wa pili mambo yakaharibika, Oostende ikashuka daraja 1995. Aprili ya mwaka huohuo akazaliwa hapo Oostende mtoto wake wa kiume, akaitwa Divock Okoth Origi. Sisi hatukujua lolote kuhusu mtoto. Tulichojua ni kwamba timu imeshuka, na wengi hapa wakasema sasa atarudi, Breweries watamchukua. Hakurudi. Alibaki mwaka mzima akicheza daraja la pili, na mimi nikabaki na safu ndefu ya sifuri kwa sababu redio haikuzitangaza mechi hizo.

Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ilitoa hukumu ya Bosman, yule mchezaji wa Liège aliyedai haki ya kuondoka mkataba wake ukiisha. Magazeti yaliandika kwamba wachezaji wamekuwa huru. Waliokuwa huru kwanza ni raia wa Umoja wa Ulaya. Mwafrika aliendelea kuhesabiwa kama mgeni, na sasa alishindana na Mdachi au Mfaransa asiyehesabiwa tena. Kubaki kwenye soko hilo ilikuwa kazi ngumu zaidi kuliko kuingia. Na nyumbani kukawa na lingine. Kombe la Afrika la 1996 lilikuwa lichezwe Kenya, likapelekwa Afrika Kusini. Okoth alikuwa na miaka 28, umri ambao mshambuliaji ana nguvu na akili kwa pamoja. Angecheza mbele yetu, Nairobi, na nina hakika treni na mabasi ya kutoka Kisumu yangejaa. Badala yake Kenya haikufuzu tena mpaka 2004. Miaka yake yote mizuri ilipita hivyo, na hilo linaniuma hadi leo.

Kutoka Oostende akaenda Harelbeke, mji mdogo kando ya mto Leie, lakini timu yake ilikuwa ligi kuu. Misimu miwili. Jina lake likarudi redioni. Mwaka 1998 akachukuliwa na Genk.

Ngoja nikae kidogo kwa Genk. Ni mji uliojengwa na makaa ya mawe. Wachimbaji walitoka Italia, Uturuki, Morocco, wakakaa vijiji vya machimboni, kila mgodi na timu yake. Mwishoni mwa miaka ya themanini migodi ilipofungwa, timu mbili, Waterschei na Winterslag, ziliungana 1988 zikawa KRC Genk. Miaka kumi na moja tu baadaye, chini ya kocha Aimé Anthuenis, wakachukua ubingwa wa Ubelgiji. Mbele walikuwa na Souleymane Oularé wa Guinea na Branko Strupar, washambuliaji wawili walioogopwa ligi nzima, na Mike Origi alipigania nafasi katikati yao. Hakuwa nyota wa timu. Nasema wazi. Alikuwa yule anayeingia, anayehangaisha mabeki waliochoka, anayefunga siku wakubwa hawawezi. Ila medali ya ubingwa wa 1999 ni yake kama yao.

Ule mwaka 1999 Kisumu ilikuwa na mambo mengine. Gugu maji lilikuwa limeshakula ghuba yetu, kuna siku ungeweza kudhani Ziwa Victoria ni shamba la sukuma wiki. Kisha Ulaya ikafunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili, kwa kuwa walisikia kuna wavuvi wanaotumia sumu. Viwanda vya minofu ya mbuta vikapunguza watu. Rafu zangu zilijaa redio zilizotengenezwa ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua, hawakuwa na pesa. Nilikuwa na kumi na sita kwa hesabu yangu. Katika usiku wa namna hiyo, redio za watu waliofukuzwa kazi zimenizunguka, nikasikia Waflemi wakiimba na wakitaja Genk, Genk, Genk. Ulaya imekataa samaki wetu na Okoth wetu ni bingwa Ulaya. Asubuhi nilimwambia jirani yangu aliyekuwa amepunguzwa kiwandani. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na huko anakula nini?" Hakuwa akitania. Alitaka kujua kweli.

Baada ya Genk akaenda Molenbeek mjini Brussels, kisha Heusden-Zolder. Timu zilizidi kuwa ndogo na umri ukazidi. Redio nazo zilikuwa zikipungua, watu wameanza kununua simu. Nililifunga daftari mwaka 2001, kurasa tatu kabla ya mwisho.

Nilidhani nimemaliza. Lakini 2004 Kenya ikafuzu kwenda Tunisia, nasi tukamwona kwenye orodha, ana miaka 36, pamoja na kijana Dennis Oliech ambaye angeweza kuwa mwanawe. Tukawafunga Burkina Faso 3 kwa 0, ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Afrika. Hakufunga yeye. Nilimtazama kwenye televisheni ya baa moja ya Kondele, mara yangu ya kwanza kumwona uso baada ya miaka mingi ya kumsikia tu, na nilishangaa kwamba ana upara.

Mambo ya mtoto yanajulikana, nitayapita haraka. Divock alijifunza mpira katika timu za vijana za Genk, tangu akiwa na miaka sita, kwa sababu baba alibaki kuishi upande huo wa nchi. Akiwa na miaka 15 alikwenda Lille. Juni 2014, Maracanã, Ubelgiji dhidi ya Urusi: anaingia badala ya Romelu Lukaku, dakika ya 88 anafunga bao pekee la mechi. Watu walitazama kijana wa miaka 19. Mimi niliwaza baba wawili. Baba yake Lukaku, Roger, ni mchezaji wa Zaire aliyekuja Ubelgiji kwa njia ileile na akapita Oostende pia. Anatoka mtoto wa Zaire, anaingia mtoto wa Kenya, na bao linaandikwa Ubelgiji.

Hapa mtaani kulikuwa na ubishi mkali iwapo angechezea Kenya. Vijana walisema ametutupa. Siwezi kukubaliana nao. Mtoto aliyezaliwa kando ya Bahari ya Kaskazini na kukulia mji wa makaa hana deni kwetu. Aliyekuwa na deni alikuwa baba, naye alilipa, alipanda ndege kila alipoitwa mpaka nywele zikamtoka. Na binamu yake Divock, kipa Arnold Origi, mwana wa nahodha wetu Oduor, aliishi kwa kudaka mipira Norway na akaidakia Kenya vilevile. Familia hiyo imetoa vya kutosha.

Kisha ikaja 2019. Liverpool, timu ya Divock wakati ule, walifungwa 3 kwa 0 na Barcelona katika nusu fainali ya Ulaya, wakarudi nyumbani wakashinda 4 kwa 0, mawili ya Divock. Fainali ikaangukia Juni mosi, Madaraka Dei yetu. Na upande wa pili, Tottenham, alikuwamo Victor Wanyama kwenye benchi, mwana wa Noah Wanyama aliyechezea AFC Leopards. Gor na Leopards, mahasimu wa zamani, watoto wa familia zao wanakutana Madrid usiku wa fainali ya Ulaya! Ukumbi wa mpira pale Kondele ulijaa hadi watu wakaning'inia madirishani. Zikikaribia saa sita za usiku, dakika ya 87, mpira ukamfikia Divock upande wa kushoto wa eneo la hatari, akapiga chini, ukaingia pembeni. Pikipiki zote za Kondele zilipiga honi kwa wakati mmoja. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Nilijikuta nimesimama juu ya benchi, mzee mzima, nikipiga kelele, "Okoth! Okoth!"

Kijana mmoja wa bodaboda akanishika mkono nisianguke. "Mzee, si Okoth. Ni Divock."

Nikamwambia kesho aje kibandani.

Alikuja kweli, saa tatu asubuhi, macho mekundu kwa kukesha. Nilikuwa nimelitoa daftari kwenye sanduku la vipuri, jalada lake limeliwa na mende pembeni. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza kusoma kwa sauti, akiyatamka majina ya Kiflemi kama yanavyoandikwa, kidole chake kikishuka ukurasa. Oostende, mara nne. Oostende, mara saba. Oostende, sifuri. Harelbeke, mara tano. Harelbeke, mvua. Genk, mara mbili. Genk, mvua.

Akainua kichwa. "Huko Ulaya ilikuwa inanyesha sana?"

"La," nikamwambia. "Hapa."